Ndoo Safi Zilizozima Majiko ya Soko

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mabati ya soko, na mama mmoja amelaza sikio kwenye bomba kama anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa. Amefumba macho.

"Kimya," anasema. "Jana lilikuwa linaguna kidogo. Leo hata kuguna limekataa."

Sokoni wanamwita Mama Moto. Kwa miaka tisa, tangu amzike mumewe, kazi yake ni kulisha tangi kubwa lililojengwa nyuma ya vibanda: maganda ya ndizi, mboga zilizonyauka, matumbo ya samaki. Humo ndani wadudu wasioonekana kwa macho huozesha taka, na gesi inayotoka hupita kwenye bomba hadi kwenye majiko ya akina mama wanaowapikia wachuuzi. Ni tangi hilo lililomsomeshea wanawe wawili.

Lakini sasa moto umekuwa wa kubabaisha, na mkaguzi wa manispaa anakuja mchana. Ameshasema: majiko yakizimika, tangi linafungwa, na taka zinarudi kupakiwa malori kwenda jalalani.

Mpishi mmoja anapita na gunia la mkaa. "Tukuite Mama Moshi sasa?"

"Niite utakavyo, mwanangu, mradi usimwite mkaguzi mapema."

Hacheki. Anaanza kunusa ndoo za taka zilizopangwa mlangoni. Ya mboga inanuka mboga. Ya matunda, chachu. Anapofika ya samaki anarudisha kichwa nyuma. Inanuka wodi ya hospitali.

Mwenye ndoo ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Wifi, umetia nini humu?"

"Dawa ya kutoa madoa na kuua vijidudu. Si wewe uliyenisimanga mbele za watu kwamba ndoo yangu inatapisha? Nimeisafisha. Wauza samaki wote tumezisafisha. Au usafi nao umekuwa kosa?"

Mama Moto anaiweka ndoo chini. Dawa ile inaua wadudu, hata wale wa tangi; ndiyo kazi yake. Wiki nzima amelilisha tangi sumu kwa mikono yake, na walioitia walifanya hivyo kwa kuchomwa na ulimi wake.

"Ungeniuliza, wifi."

"Ungesema taratibu, wifi."

Angeweza kunyamaza. Msimamizi wa soko ameshapata wa kulaumiwa: fundi wa bomba, ambaye tangu jana ameambiwa asirudi tena. Mama Moto anasimama kidogo mlangoni pa ofisi, midomo ikimcheza kwa dua, kisha anaingia.

"Fundi hana kosa, baba. Ni mimi. Na majiko yazimwe yote. Tukilishurutisha tangi leo, kesho tutalizika."

"Unajua mkaguzi yuko njiani?"

"Najua. Na Mungu anajua kwamba najua."

Msimamizi anainuka kitini. Kisha anatoka, anakwenda kufunga koki kwa mkono wake.

Mkaguzi anawakuta wapishi wakikohoa kwenye moshi wa mkaa. Anasikiliza maelezo ya Mama Moto, anakuna shingo. "Nawapa wiki moja," anasema. "Haitaongezwa."

Alasiri wifi anatokea machinjioni, anasukuma mkokoteni uliojaa mavi ya ng'ombe. Ndiyo yenye wadudu wapya wa kulifufua tangi.

"Dawa ya mgonjwa wako hii hapa. Na leo ole wako useme nanuka."

Wanayakoroga kwa maji, wakiyamimina tangini kidogo kidogo. Fundi, aliyeitwa arudi, anawashikia kifuniko.

Hadi jioni inaingia, bomba halijatoa sauti. Mama Moto ananawa mikono hadi viwikoni.

"Likipona, nitakwenda kibanda kwa kibanda. Kwanza niwaombe radhi, halafu niwaombe uchafu wao. Nitawaambia, ndoo ikinuka ileteni hivyo hivyo. Pua itakayoumia ni yangu."

"Na lisipopona?" wifi anauliza.

Anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Radhi nitaiomba vilevile."