Wali wa Saa Kumi na Nusu

Kadi ya harusi ikiandikwa saa nane mchana, wewe hufika saa ngapi? Usinidanganye. Hufika saa kumi, tena bila haya, na ukifika unauliza kama chakula bado kipo.

Bi Moza wa Butimba anakujua. Amepika pilau za harusi kwa miaka ishirini na miwili, na hajawahi kupakua wali uliopoa wala kuwaacha wageni wakinusa moshi. Siri yake si viungo. Akipewa kadi haangalii saa iliyoandikwa, anauliza ni harusi ya akina nani.

"Walimu? Saa tisa, wale wanapenda kula. Wenye maduka ya nguo? Kumi na moja, mpaka wafunge. Ukoo wenu? Kumi na nusu."

Kisha anahesabu kurudi nyuma: kupalia makaa, kutia mchele, kukaanga vitunguu, kuwasha kuni. Yote kichwani. Sijaona ofisi yenye mpango kama huo.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya kaka yangu Faisal, na nilikuwa nimechoka. Kila Jumamosi tunawaibia watu nusu siku, halafu tunauliza kwa nini hatuendelei! Nikawatumia wageni wote mia tatu ujumbe, mara nne: saa nane kamili geti linafungwa. Kisha nikaenda kwa mpishi.

"Shikamoo, mama. Safari hii saa nane ni saa nane."

"Marahaba. Chuoni ulisomea nini, mwanangu?"

"Mipango."

"Basi kapange viti. Wali niachie mimi."

Naye alikuwa na lake moyoni. Bi Bushra wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, anayeoza mabinti watatu mwaka huu, alikuwa mmoja wa waalikwa, na alishasema wazi kwamba atauonja wali huo. Ukimridhisha, harusi zote tatu atapewa Moza. Moza alikuwa ameshachagua hata sufuria za kuvusha ziwa.

Siku ya harusi, saa nane kasoro dakika tano, wageni mia tatu walikuwa wamekaa. Nusura nilie kwa furaha. Jirani yetu Mzee Mayala alifika tangu saa saba, kwa kuogopa geti. Nikakimbilia jikoni nyuma ya nyumba. Mchele ulikuwa bado unapepetwa.

"Mama, wamefika!"

"Nani kafika?"

"Wote!"

Alisimama na ungo wake, akachungulia. "Nani kawaambia waje?"

"Si kadi!"

"Kadi! Tangu lini watu wakaamini kadi?"

Nikarudi kwa wageni, nikawahutubia juu ya thamani ya muda. Mzee Mayala akanikatiza: "Kijana, muda tumekuja nao. Wewe tuletee wali." Turubai zima likaangua kicheko.

Baada ya saa nzima hakuna aliyecheka tena. Bi Bushra ana sukari, hawezi kukaa na njaa. Akabeba mkoba wake, akaenda kula kwa dada yake mjini. Wali ulitoka saa kumi na nusu, wa moto, umechambuka, kama Moza alivyopanga.

Jioni nilimkuta akisugua sufuria. Nikamwomba radhi, nikaongeza kwamba nilikuwa nimemwambia.

"Uliniambia," alijibu bila kunitazama. "Kila katibu huniambia hivyo hivyo. Sasa harusi tatu zimekwenda."

Bado naamini saa nane ni saa nane, na nitalisema hilo hadi nizeeke. Lakini niliwatumia ujumbe watu mia tatu mara nne, na yule mmoja mwenye moto nikampitia mara moja, nikiwa nimesimama.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikwenda kumsaidia kurudisha sufuria za kukodi. Bi Bushra alikuwa uani, juu ya kigoda. Moza alikuwa amemwekea wali tangu jana, na usiku alimpigia simu apite apate chai kabla ya kupanda meli. Chai ilikuwa imepoa, haijaguswa. Bi Bushra alikuwa akila pilau iliyopashwa moto, kwa mkono, hadi kwenye ukoko.

Simu yake ikaita. Alikuwa mumewe, yuko bandarini, na sauti yake niliisikia hata pale niliposimama: watu wanapanda, meli inataka kuondoka!

"Nipo njiani, baba Yasmin, naliona geti," alisema Bi Bushra, huku akimnyooshea Moza sahani tupu aongezwe.