Siku ya Mapumziko Niliyoua Baiskeli ya Shangazi

Kwenye msafara wetu wa baiskeli, watu kumi na saba, hakuna chuma kilichowahi kunishinda. Hakuna. Niulizeni mimi.

Basi siku ya tisa, wenzangu wote wamelala chali wanakanda mapaja, mimi niliua baiskeli ya mwanamke anayenipenda kama mwanawe. Mchana kweupe. Bila hata kuipanda.

Tulikuwa tumepumzika mjini. Nyumba ya wageni, ua wa saruji, kaptura kumi na saba zinaning'inia kwenye kamba kama popo.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa msafara. Nani alinipa cheo? Nilijipa mwenyewe siku ya kwanza, baada ya kuziba pancha mbili. Ufundi wenyewe nimeuokota kwenye video za simu.

Shangazi akaja. Si shangazi yangu wa damu, ni wa msafara mzima. Miaka hamsini na nane, ndiye mkubwa wetu.

"Mwanangu, pedeli yangu ya kushoto inalia kik-kik. Niiache tu?"

"Uiache mimi nimekufa? Nenda kalale, Shangazi."

Nikachukua spana. Nikazungusha kama ninavyofungua nati yoyote duniani. Ikagoma.

Nikauma meno. Ikagoma.

Nikapanda juu ya spana, miguu yote miwili.

Krrrk!

Pedeli ikaanguka, unga wa chuma ukamwagika kwenye saruji. Nikachungulia tundu la ule mkono unaoishika. Njia za skrubu zote zimenyolewa, laini kama kipara.

Jasho likanitoka hadi kwenye kope.

Msafara una sheria moja: ukipanda gari linalobeba mabegi yetu, hata kilomita moja, umetolewa. Tunaondoka alfajiri. Na Shangazi huyu mwaka jana alikuwa kitandani, mguu vipande vitatu, daktari anamwambia azoee fimbo. Binti yake anamsubiri mwisho wa safari amwone akiingia anaendesha. Zimebaki kilomita mia sita.

Nikatoka mbio na ndala. Jumapili. Duka la kwanza, kufuli. La pili, kufuli. La tatu siku hizi linauza magodoro.

La sita nikamkuta fundi mmoja mnene anafunga mlango. Nikamwaga ukweli wote. Mtu usiyemjua humwonei aibu.

"Uliizungusha upande gani?"

Nikamwonyesha.

"We bwana! Pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume. Ulikuwa unaikaza! Na ukapanda juu?"

"Miguu yote miwili."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mkono wa aina ile hakuwa nao, labda kwenye vyuma chakavu nyumbani kwake. "Acha namba. Lakini usinitegemee."

Nikarudi nimekufa nusu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi, pedeli mapajani, ameishika kama mtoto mwenye homa.

"Imekuwaje, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi, jamani. Na mimi nikafungua mdomo:

"Chuma kilikuwa kibovu ndani, tangu kiwandani. Kingekuangusha mlimani. Mshukuru Mungu."

Akatoa simu amwandikie binti yake. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akanishika bega.

"Angalau umeniokoa nisianguke. Asante."

Afadhali angenizaba kofi.

Nikajificha kando ya beseni la kufulia, nafua soksi ambazo hata hazikuwa chafu. Simu yangu ikalia mezani, pale wenzangu walipokuwa wanakula chakula cha jioni. Mikono yangu imejaa povu.

"Nakupokelea, mwanangu!" Shangazi akabonyeza spika.

"Haloo! Wewe kijana uliyepanda juu ya spana! Mkono nimeupata! Nauleta sasa hivi, ila naufunga mwenyewe, wewe usiguse! Mtu anakaza pedeli akidhani anafungua, hahahaa!"

Vijiko vikasimama.

Sijawahi kutaka kuruka kwa furaha na kuzama ndani ya beseni kwa wakati mmoja.

Shangazi hakupandisha sauti. "Njoo, fundi. Tunakusubiri." Akakata. Akanigeukia taratibu.

"Kibovu tangu kiwandani, eeh?"

Ndugu yangu unayesoma, kazi kama huijui, sema mchana mbele ya mtu mmoja. Mimi nilisema jioni, mbele ya watu kumi na sita, soksi mkononi.