Ekseli ya Guta la Matonya

Priska alikuwa fundi wa kuchomelea pale soko la Majengo, na Matonya, mbeba mahindi, alikuwa amemtangaza soko zima kwamba kamharibia guta lake la umeme, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Asubuhi moja alilisukuma hadi kwa Priska, jasho likimtiririka.

"Ekseli uliyoniwekea imekatika!"

"Nilikwambia magunia manne. Umepakia tisa."

"Mwanamke utajulia wapi mota?"

Priska alimwonyesha gurudumu la nyuma lenye mota ndani yake. Mzigo ulipozidi, nguvu ya mota ilisokota ekseli, ikazunguka kwenye fremu, ikang'oa nyaya, ikakatika.

"Nitaweka nene zaidi, niibane kwa mabamba ya chuma pande zote mbili isizunguke. Lakini kwanza waambie hawa uliowaambia kwamba kosa ni lako."

Wauza nafaka walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza. Matonya alitema mate pembeni.

"Nilizidisha mzigo," alinong'ona.

"Hawajasikia."

Akarudia kwa kufoka. Priska alikata mabamba, akayachomelea kwenye fremu, akaingiza ekseli nene na kukaza nati bila kumtazama. Ekseli haijakatika tena, na wawili hao hupishana sokoni bila salamu.