Kitabu Kilichonifungia Mlango

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo: siku niliyonunua kitabu pale stendi ya Tunduma nikaamini kimeandikwa kwa ajili yangu. Juzi ulinipigia simu kutoka chuoni ukaniuliza ununue kitabu gani cha kukusaidia kusoma Biblia, maana duka limejaa vitabu na kila kimoja kinajisifu. Nilikujibu kwa kifupi kwa sababu chaji ilikuwa inaisha. Sasa nimekaa, na hapa nyumbani hakuna anayenisubiri, basi acha nikujibu kwa urefu.

Nilikuwa mjane, na kwa umri nilikuwa bado binti. Mume wangu, Aidani, alikuwa dereva wa malori yanayovuka kwenda Zambia. Lori lake lilipinduka huko ng'ambo, wenzake wakamrudisha, tukamzika kwao Mbozi pembeni ya shamba la kahawa la baba yake. Hatukuwa tumejaliwa mtoto; ninyi niliowalea mlikuja miaka mingi baadaye. Msiba ulipokwisha mama mkwe aliniomba nibaki kijijini. Nikakataa. Nikarudi Tunduma kwenye chumba chetu cha kupanga, mimi na cherehani yangu.

Wewe umeijua Tunduma ya sasa, lakini hata wakati ule mji ulikuwa haunyamazi. Malori yalipanga foleni tangu asubuhi kusubiri forodha, wabadilisha fedha wanaita watu, Wazambia wanapita na mabunda kichwani wakiongea Kibemba. Na katika kelele zote hizo hakukuwa na mtu wa kuniita jina langu. Nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nikala kidogo, kingine nikakimwaga. Injini ya lori ikizimwa nje, nilikuwa nainua kichwa kusikiliza mlango wa dereva ukifunguliwa. Jumapili nilikwenda kanisani. Watu walinishika mkono, wakaniambia pole, Mungu yupo, halafu wakashika watoto wao wakaenda zao. Siwalaumu. Ila mtu aliyefiwa anajua uzito wa kufungua kufuli la chumba ambacho hakina mtu ndani.

Siku hiyo ya masika nilikuta pale stendi bwana mmoja ametandaza vitabu juu ya turubai, na kipaza sauti mkononi. Kimoja kilikuwa kinene, jalada linang'aa, nyuma yake picha ya mwandishi aliyevaa suti. Nikakifungua katikati nikakuta anasema na wajane. Anasema, wewe unayekaa peke yako, wewe unayelia hakuna anayekusikia. Mwanangu, nilisimama pale mvua ikininyeshea. Nilihisi kwamba ndani ya dunia nzima amepatikana mtu mmoja aliyeniona.

Nilikisoma kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Kurasa za mwanzo zilinifariji kweli, siwezi kudanganya. Zilizofuata zikaanza kuniamuru. Mjane ambaye huzuni haimwachi, kitabu kilisema, ana kifungo kilichotoka kwenye ukoo wa mumewe. Akae mbali na ukoo huo. Asile chakula kutoka mkono wa mtu wa imani nyingine. Asilie, kwa sababu machozi baada ya maziko ni upungufu wa imani. Afunge mlango, aombe, asiruhusu mtu kumkatiza. Na chini ya kila agizo kulikuwa na mstari wa Biblia, umeandikwa kwa herufi nzito.

Nikatii. Cherehani yangu nilikuwa nimeiweka kwenye baraza la duka la vitenge la Mama Zuhura, mwanamke Mwislamu aliyetoka Kondoa, mtu mzima aliyezeekea kwenye biashara. Tangu niliporudi kutoka msibani alikuwa ananiletea chakula kila mchana, akikaa nami mpaka nile. Nikamwambia, "Mama Zuhura, usihangaike tena kuniletea. Nina mambo yangu ya kiroho." Akanitazama, wala hakukasirika. Akasema, "Haya, mama. Ukinihitaji, nipo." Nikaihamishia cherehani chumbani, nyumba ya pili tu kutoka dukani kwake. Mama mkwe alinitumia maharage kwa kondakta wa basi dogo. Nikayagawa yote kwa wapangaji wenzangu, wala sikurudisha salamu.

Basi nikawa peke yangu kabisa. Nilikuwa nimedhani upweke nimeshaujua. Kumbe ule wa kwanza ulikuwa na dirisha. Nilikaa na kile kitabu, nikazuia machozi, na amani iliyoahidiwa haikuja. Kila ilipochelewa nilirudi kwenye kurasa zilezile kutafuta nilipokosea.

Malaria ikanikuta humo. Ilianza kama mafua, kesho yake nikashindwa kuinuka kufikia ndoo ya maji. Nilisikia wapangaji wakipita ukumbini, wakisema, "Huyu yuko kwenye maombi, msimsumbue." Nilitaka kuita, sauti ikagoma. Aliyekuja kubisha alikuwa Mama Zuhura. Alikuwa hajasikia cherehani yangu ikilia, akaona si kawaida. Akabisha, akaniita, akasikia naguna. Akamwita mwenye nyumba wakavunja komeo, wakanilaza kwenye mkokoteni wa kubebea magunia wakanipeleka zahanati. Nakumbuka mkono wake ukinizuia nisianguke kila gurudumu lilipoingia shimoni.

Yeye ndiye aliyetuma habari Mbozi. Na aliyeteremka ni Baba Yotamu, baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kanisa aliyefundisha masomo ya ubatizo miaka mingi. Mtu mrefu, mpole wa kusema, hana haraka hata ya kuvua koti lililolowa. Alinikuta nimerudishwa chumbani, nimeanza kupata nafuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole sana. Mama mkwe wako huko nyumbani anauliza kama tumekukosea jambo."

Nikamwonyesha kitabu. Hakukicheka. Alikichukua, akavaa miwani, akakaa nacho mlangoni mchana kutwa huku mimi nasinzia na kuamka. Alipomaliza akasema, "Nimekisoma chote. Yapo ya kweli humu. Hayo ya kweli ndiyo yaliyokuingiza mtegoni. Sasa nipe Biblia yako."

Akaniambia nichague mstari mmoja, ule ulionitisha kuliko yote. Ulikuwa mstari wa nabii. Akaufungua, akanipa nisome mwenyewe, nianzie mwanzo wa sura. Nikasoma. Nilipofika kwenye mstari wangu nikataka kusimama, akasema, "Endelea." Nikaendelea, na nabii yuleyule akaanza kuwafariji watu walewale, akiwaita warudi nyumbani. Mwandishi wa kitabu alikuwa amekata maneno katikati, akachukua kipande cha ukali akaacha kilichobaki.

"Kwa nini hukusoma mbele?" akaniuliza.

"Kitabu hakikuandika mbele, baba."

"Na Biblia ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa mezani."

"Hapo ndipo ninapokukemea, binti yangu. Umesoma shule, una macho, Biblia iko mezani, ukakubali kulishwa kijiko kijiko na mtu usiyemjua."

Nikamwambia, "Lakini baba, yeye aliniona. Ninyi wote hamkuniona."

Mzee akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akasema, "Hilo ni kweli. Tulizika, hatukuja kukaa nawe. Nisamehe." Sikuwahi kumsikia mzee wa kwetu akimwomba msamaha mkwe wake. Nadhani ndiyo maana nilimsikiliza baada ya pale.

Nilipopata nguvu, kabla ya yote, nilikwenda dukani kwa Mama Zuhura. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuyasubiri. Alivuta kigoda, akasema, "Kaa, ule," nami nikala.

Baadaye Baba Yotamu alinipeleka Vwawa, kwenye duka dogo la vitabu lililokuwa nyuma ya kanisa. Mimi mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye vinene. Yeye alichukua kimoja kimoja, anatazama mwandishi ni nani na amelelewa na kanisa gani, anafungua katikati na Biblia yake pembeni, analinganisha. Kimoja alikirudisha akasema, "Huyu anajisimulia mwenyewe tu. Yesu simwoni." Mwisho akanichagulia kijitabu chembamba cha masomo ya Injili. Ndani kilikuwa na sura za kusoma, maelezo machache, maswali, na mistari mitupu ya kuandikia.

"Baba, hiki hakina kitu," nikasema.

"Vitu viko ndani ya Biblia. Hiki kinakuonyesha pa kuangalia."

Kila Jumamosi nikawa napanda basi kwenda kijijini. Tulisoma sebuleni kwake: yeye, mkewe, mama mkwe, na mimi. Kijitabu kinauliza, tunatafuta kwenye Biblia, tunabishana kidogo, tunaomba. Jumamosi moja tukafika pale Yesu alipokwenda kaburini kwa rafiki yake. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba alilia, nikashindwa kusonga mbele. Yeye aliyejua kwamba atamfufua, alilia, na mbele za watu. Kijitabu kilikuwa na swali pale, wala sikumbuki lilikuwa linauliza nini. Nilisikia mama mkwe ameanza kulia. Nikaweka Biblia chini nikamwendea. Tulimlilia Aidani pamoja, mimi na mama yake, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na hakuna aliyetukatiza.

Nisikufiche, mwanangu. Upweke haukuondoka siku ile. Sikuolewa tena. Baba Yotamu alizeeka akafa, mama mkwe akamfuata, Mama Zuhura akarudi kwao Kondoa. Leo ninyi mko mbali, nami hapa Vwawa nilikohamia jioni zangu ni ndefu. Usije ukasikia mtu anakuuzia kitabu cha kuondoa huzuni yote ukamwamini. Lakini nikifungua Biblia jioni, nasoma pamoja na sauti zao wote, na hilo linanitosha kunifikisha asubuhi.

Basi unapokwenda dukani, mwanangu, usichague ukiwa umechoka na umeumia. Vitabu vibaya vinajua kuongea na mtu wa namna hiyo. Tanguliza Biblia yenyewe, isome kwanza kwa macho yako. Kitabu kikikupa mstari, uutafute, usome sura nzima. Uliza mwandishi ni nani na nani anamjua. Mwulize mchungaji wako, au mtu mzima ambaye umeona maisha yake. Chukua kitabu ambacho ukikifunga unatamani kurudi kwenye Biblia. Kile kinachokutaka ukirudie chenyewe, kiache. Kitabu kikikutenga na mama yako, na jirani anayekubebea maji ukiugua, kirudishe hata kama jalada linang'aa vipi. Na usisome peke yako siku zote. Mtafute hata mtu mmoja. Ukimwona mwenzako pale hosteli amejifungia na kitabu, mbishie hodi.

Mungu aliyewaona wajane tangu zamani akuone na wewe katika mji huo mgeni. Akupe macho ya kusoma, moyo wa kupima, na watu wa kukaa nao mezani. Neno lake likukalie vizuri, likukuze, na siku ukilia, apatikane wa kulia pamoja nawe. Amina.