Mama Aliyebishana na Habari za Tabianchi

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa stendi ya Buzuruga, Mwanza, nikisubiri gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambalo shemeji yangu alikuwa amenitumia kwa basi. Binti yake wa mwisho alinipigia simu, akanisalimia kwa utulivu, akaniambia kwamba mama amepumzika alfajiri. Presha ilimpanda akiwa usingizini, hakusumbuka. Kabla sijapata la kusema akaongeza kwamba mazishi yatakuwa Usagara, kwenye shamba la familia, na kwamba nije na kofia, mwavuli niuache nyumbani, kwa sababu redio, ile ambayo mama hakuwahi kuiamini, imetangaza mvua kubwa. Kicheko kikanitoka pale pale stendi, mpaka mpiga debe mmoja akanitazama kwa huruma kama mtu aliyechanganyikiwa. Upande wa pili wa simu binti naye alikuwa anacheka huku analia, na hatukuweza kuagana vizuri.

Wajomba wa familia hawakuwa na msimamo wa marehemu. Waliusikia utabiri na wakauamini wote. Walikodi maturubai ya kutosha harusi mbili, wakachimba mfereji wa kupitisha maji kuzunguka eneo la kaburi, wakaweka hata mbao za kukanyagia watu wasizame kwenye tope. Siku ya mazishi jua la Usagara liliwaka kama limelipwa. Padri alianza mahubiri akiwa juani, akayamalizia chini ya turubai, na kwaya ilisogea taratibu kila ubeti mpaka ikajikuta imebanana kivulini na jeneza. Kaka wa marehemu, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akitania, alisimama kutoa shukrani. Aliwashukuru majirani, akawashukuru waliotoka mbali, kisha akautazama ule mfereji mkavu kwa muda na kusema, “Dada yangu amezikwa akiwa ameshinda kesi yake ya mwisho.” Watu walijaribu kuziba midomo kwa khanga na leso. Haikusaidia. Tulicheka msibani, tukacheka mpaka machozi ya kicheko yakachanganyika na yale tuliyokuja nayo.

Sasa niwaambie alikuwa nani, kwa sababu si wote mliowahi kukaa kwenye meza zake. Alikuwa mwenye mgahawa ufukweni, upande wa Ilemela, mahali ambapo sato alikaangwa mzima na kuletwa mezani akiwa bado analalamika kwenye mafuta. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuvuka maji, na alisikiliza redio na kusoma magazeti kuliko wengi wetu tunaoyaandika. Habari yoyote iliyohusu hali ya hewa aliisoma kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi asiyempenda. Ilipotangazwa kwamba Kanda ya Ziwa itapata mvua za wastani hadi chini ya wastani, alitaka kujua huyo wastani ni nani, anakaa wapi, na kwa nini mvua za kwake ndizo watu wote wapimiwe. Neno lenyewe tabianchi lilimkera kuliko yote. Tabia ni ya watu, alikuwa akisema. Nchi ina tabia gani? Mkwe wake ndiye aliyekuwa na tabia, na hakuna redio iliyomtangaza.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Gazeti letu lilikuwa limechapa makala ndefu ya mwenzangu mmoja kuhusu ukame, yenye picha ya ng'ombe waliokonda, na ndani yake sentensi moja ikionya kwamba hata ziwa letu linaweza kupungua sana. Msimu uliofuata mvua zilinyesha bila adabu, ziwa likapanda, likapita mchanga, likapita ngazi za mgahawa, likaingia ndani na kukaa. Mama yule akapiga simu ofisini. Aliyeipokea alituambia baadaye kwamba mpigaji hakufoka hata kidogo. Aliomba tu kuzungumza na yule mwandishi aliyekausha ziwa, kwa sababu alikuwa amesimama ndani yake. Mwenzangu siku hiyo alikuwa safarini, mhariri akanitupia macho, nikajikuta mimi ndiye ninayekwenda kutuliza.

Nilimkuta ameikunja khanga hadi magotini, akipita kati ya meza kama askari wa doria, maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu. Nilimpa shikamoo nikiwa mlangoni. Alinijibu marahaba, akanielekeza nivue viatu, nikunje suruali na nikae. Nilifikiri ananitania, kumbe wateja wote walikuwa wamekaa hivyo hivyo. Viatu vilikuwa vimepangwa juu ya kaunta, miguu ikiwa majini, na kila meza kulikuwa na mtu anayecheka kwa sababu samaki wadogo walikuwa wakimtekenya vidole. Nilikula sato wa kukaanga huku samaki ndugu zake wakinikagua nyayo majini. Karani mmoja wa mjini aliyekaa na mkewe alikuwa akiruka kila baada ya muda na kumlaumu mke, na mke akaapa kwamba miguu yake iko juu ya kiti. Vijana walikuja kutoka Mabatini na hata ng'ambo ya mji kupiga picha. Mama alifanya biashara kipindi kile kuliko wakati wowote nchi ilipokuwa kavu. Aliponiona nimeshiba akaniuliza taratibu kama nadhani hili ziwa linakauka.

Hakuwa anabisha kwa ujinga. Baba yake, mvuvi wa miaka mingi, alikuwa amemsimulia mvua za miaka ile ya uhuru, jinsi maji yalivyopanda yakala mashamba ya ufukweni, yakakaa, kisha yakashuka kidogo kidogo. Kwa hiyo yeye aliamini ziwa huja na kurudi kama jamaa asiyeaga. Magazeti yalimwambia kuna ukame, akatazama dirishani akaona mvua. Yakamwambia kuna mafuriko, akatazama tena, mwaka huo mahindi ya dada yake Misungwi yakakauka yakiwa na kimo cha goti. Na picha tulizochapa mara nyingi zilikuwa za barafu inayoyeyuka mahali ambapo hata yeye alijua hakuna anayekula sato. Mtu wa namna hiyo ukimwita mbishi unakuwa umejipumzisha tu. Alikuwa anafanya kile tunachotaka wasomaji wafanye, kulinganisha habari na maisha yake, na maisha yake yalikuwa hayajapata nafasi kwenye habari zetu.

Kicheko kikubwa kuliko vyote kilitokea siku ya semina. Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kuacha sakafu, na waandaaji wa semina ya waandishi wa habari kuhusu tabianchi wakaona mgahawa wake ndio wenye mandhari inayofaa. Mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam alikuwa dada kijana, msomi, mwenye sauti nzuri na projekta mpya. Alituonyesha ardhi iliyopasukapasuka, akatuonyesha kisima kikavu, na alipofikia picha ya mto uliobaki mchanga, mbingu ya Mwanza ikafunguka. Ilinyesha mvua hata hatukusikiana. Maji yalipenya kwenye paa la nyasi yakaanza kudondoka juu ya projekta, kwa hiyo ule mto mkavu ukutani ukaonekana unatiririka. Waandishi wa habari wazima, wengine wenye wajukuu, walilala juu ya meza kwa kucheka. Dada wa watu alisimama na kijiti chake cha kuonyeshea, asijue aendelee au amezwe na ardhi.

Mama alitoka jikoni na sufuria, akaiweka chini ya pale panapovuja, akafuta mikono kwenye khanga na kuomba ruhusa ya kuuliza. Sote tukainama mbele kwa furaha ya watu wanaosubiri ngumi. Akamwuliza mtaalamu, kwa heshima kabisa, kama ukame huo unaanza leo au wasubiri mvua ikatike kwanza. Nilitazamia dada yule alie au apandishe hasira. Badala yake alicheka, akavuta kiti akakaa, akafunga kompyuta yake.

“Mama, shikamoo,” alisema. “Mimi hapa ni mgeni. Ulipokuwa binti, mlijuaje kwamba mvua za kupandia zimefika?”

Mama alimtazama kama anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosahau kwamba anabishana. Zamani upepo ulibadilika kwanza, kisha wakaona radi upande wa visiwani siku kadhaa, kisha mvua ndogo, ndipo wakapanda. Siku hizi mvua inakuja kabla ya radi, au radi inakuja peke yake na kuondoka. Dada yake anapanda mara mbili, mara tatu, mbegu inaozea ardhini au inachomwa na jua. Hata kukausha dagaa imekuwa bahati nasibu. Aliposimama kuvuta pumzi, mtaalamu akamwambia kwamba ndicho alichotoka Dar kuja kusema, kwamba shida si kukosa mvua peke yake, ni mvua kuacha ratiba yake, ikipungua hapa na kuzidi pale, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kuapa mwaka ujao ziwa litakuwa wapi.

Mama alichungulia sufuria yake. “Ungeanza na hilo,” alisema, “chai ingekuwa imeshakuja.”

Ikaja kweli, na vitumbua, na semina ikaendelea bila projekta mpaka jioni. Sijawahi kujifunza mambo mengi namna ile nikiwa nimelowa.

Lakini nisiwafanye mkadhani alisilimu siku ile. Hakusilimu kabisa. Aliendelea kusema ufukweni kote kwamba maji yakija yatarudi, hakuna haja ya kuhama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikilizwa, majirani zake wakabaki. Ndipo ikaja asubuhi moja ya upepo mkali. Ziwa lilikuwa limejaa tena, na mawimbi yakaleta zulia zima la magugu maji, zito kama uwanja wa mpira, likajigonga kwenye ukuta wa jiko lake. Ukuta uliegemea, ukafikiri, ukaanguka. Ndani alikuwemo mpishi wake, ambaye ni mtoto wa dada yake, pamoja na karai la mafuta yanayochemka. Alitokea dirishani, mafuta yakamwagika nyuma yake yakikosa kisigino kwa nafasi ya kiganja. Jirani mmoja aliyekuwa amelaza wajukuu kwenye banda lililo usawa mmoja na jiko lile aliwatoa wakiwa wamelowa hadi kifuani. Hakuna aliyeumia. Sufuria kubwa la ubwabwa lilielea, likaonekana baadaye kwenye mwalo wa pili wa wavuvi likiwa na bata ndani aliyegoma kushuka, na hadithi ya bata ndiyo iliyosambaa mjini.

Yeye hakuicheka hadithi ile siku hiyo. Binti yake aliniambia kwamba mama alikaa juu ya jiwe akimtazama yule jirani akiwafuta wajukuu. Kilichomsumbua hakikuwa jiko, kilikuwa lile neno lake lililowaweka watu pale. Kisha akaondoka na khanga yake mbichi, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani wapande juu, kwenye miamba, na waliomkumbusha maneno yake ya zamani aliwajibu kwamba hayo yalikuwa ya jana. Yeye mwenyewe alijenga jiko jipya juu ya mwamba wakati wa kiangazi, maji yakiwa yameshaondoka mbali, na wapita njia wakimcheka kwa kukimbia ziwa lisilokuwepo. Nilipanda kwenda kumpongeza. Nilimwambia nimefurahi kuona amekubali habari za tabianchi. Akanikazia macho juu ya miwani.

“Sijakubali kitu. Nimehamisha jiko.”

Nimeitafakari sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara nikianza kwa uzito naishia kucheka. Sisi wa kalamu tumekazana kutaka watu waamini, kana kwamba tunabatiza. Tunahesabu ushindi pale msomaji anaposema ndiyo. Yule mama hakusema ndiyo hadi anazikwa, lakini wajukuu wa jirani yake wanalala mahali pakavu, na wapo wengi wanaoikubali kila ripoti neno kwa neno huku choo chao kiko ukingoni mwa maji. Kama tungeandika tangu mwanzo kuhusu mahindi ya Misungwi na dagaa wanaooza kwenye mchanga, tukasema bila aibu tunalojua na tusilolijua, labda asingetumia miaka yote ile kutusahihisha. Ingawa nakiri ningeikosa miaka hiyo.

Mara ya mwisho kumtembelea, miezi michache kabla hajafariki, nilimkuta amevaa miwani na gazeti limefunguliwa kwenye ukurasa wa utabiri, anaguna. Nikamwuliza kwa nini anajitesa kusoma watu asiowaamini. Alilikunja gazeti, akanieleza kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

“Nisiyemwamini ndiye ninayemsikiliza vizuri, mwanangu. Ninayemwamini huwa ananisinzisha.”

Nilicheka wakati ule kama nilivyozoea kucheka kwake, nikashuka miamba nikaenda zangu. Sasa nimeielewa kazi yangu kuliko nilivyoielewa kabla. Anayenibishia amenisoma mpaka mwisho, na bado ana nafasi ya kunifundisha nami ya kumsaidia. Wanaonitia hofu siku hizi ni wale wanaotikisa kichwa kukubali kila sentensi, kwa maana sijui kama wako macho.