Makumbusho ya Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ameingia makumbusho mara nyingi kuliko maprofesa wote wa Brussels wakijumlishwa na wake zao, na hakuwahi kutembelea hata moja. Alikuwa akisafisha. Aliingia asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, akafuta vioo, akapiga deki, akatoka wageni wa kwanza wakiwa bado wanatafuta pa kutundika makoti. Vinyago, ngoma, mishale, vipepeo waliochomwa sindano: vyote alivijua kwa vumbi lake. Lakini maandishi ya pembeni yalikuwa ya Kifaransa na Kiflamandi, na yeye alisomea Kiswahili kwa masista kule Katanga, miaka minne, basi. Kifaransa chake ni cha kujibizana na msimamizi, si cha kusomea.

Alipostaafu, mama mmoja Mtanzania tunayesali naye kanisani Saint-Josse akamwambia kwamba katika mji wake, pwani, kuna makumbusho madogo madogo, kila nyumba na kitu kimoja tu, na vibao vyake ni vya Kiswahili.

"Kiswahili chini, Kifaransa juu?" mama mkwe akauliza.

"Kiswahili juu, mama. Kifaransa hakipo kabisa."

Tangu siku hiyo hatukulala nyumba nzima. Na tulikuwa na sababu ya kuharakisha. Daktari wa macho kule Jette alikuwa amemwambia ana presha ya macho, ile inayokula pembeni ikija katikati, mpaka mtu anabaki anaitazama dunia kama kupitia mrija wa soda. Dawa ingechelewesha, haingerudisha. Kama atasoma mwaka ujao, daktari hakuahidi. Biblia alikuwa bado akiifungua kila asubuhi, lakini Biblia anaijua kwa moyo, kwa hiyo hakuna aliyejua kama anasoma au anakumbuka.

Mke wangu ndiye aliyepaswa kumpeleka. Siku tatu kabla ya safari, wenzake wawili kazini wakaugua, likizo yake ikafutwa. Akanitazama.

"Wewe si uko na diplôme ya guide?"

Kweli ninayo, diploma ya kuongoza watalii. Niliipata shule ya jioni, miaka mitatu ya kusinzia kwa heshima juu ya dawati, na tangu nimeipata siwezi kupita mbele ya sanamu bila kuieleza kwa wapita njia. Lakini diploma ile haikuwa na sura ya bukwe.

Nieleze. Sisi ni Waluba. Bukwe ni haya ya ukwe: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini. Brussels hakuna majani, kwa hiyo miaka kumi na sita nimejificha nyuma ya vituo vya tram, na mara moja ndani ya duka la nguo za ndani za kike kwenye Chaussée de Wavre, ambako niliulizwa saizi. Kuna wanaotoa zawadi rasmi ili haya hiyo iondolewe. Mama mkwe wangu alikataa zawadi. "Heshima yangu haiuzwi," alisema, na mimi nilimpenda zaidi kwa neno hilo.

Basi tukasafiri: yeye kiti cha mbele, mimi mkiani mwa ndege, karibu na choo, nikawa kama mlinzi wake. Kilomita elfu saba hatukusemezana.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, na joto lake lingeweza kukupikia ugali ndani ya kofia. Funguo za makumbusho yote zilikuwa kwa mwanamke mmoja mwenye kanga mbili na kicheko cha watu sita. Alitupeleka kwanza nyumba ya nazi. Nikachungulia. Chumba kimoja. Mlango mmoja. Hakuna hata nguzo ya kujifichia.

"Ingieni, karibuni," akasema.

"Tutaingia kwa zamu," nikasema. "Huyu ni mama mkwe wangu."

"Sasa? Kwetu mama mkwe ndiye unayemkimbilia mkeo akinuna!"

Nilitangulia mimi, kama guide, kukagua. Nikaona makumbi, kamba, vifuu, mafuta. Nikasikia viatu vya mama mlangoni, hakungoja zamu. Nikamgeuzia mgongo, nikarudi nyuma nyuma kuutafuta ukuta, nikakuta kiti kidogo cha mbao, nikakaa ili nisionekane. Kilikuwa na meno.

"Inuka, baba!" mwenye funguo akapiga kelele. "Hicho cha kukunia nazi, si cha kukunia wageni!"

Katanga hatuna minazi. Ningejuaje? Nikatoka nje nikiwa nimeshika suruali kwa nyuma, na mama mkwe, kwa heshima, akatazama dari.

Hakukaa ndani hata dakika tano. Akatoka, akapita mbele yangu uso kwenye bahari, akaiambia hewa, "Bon. Nimesoma. Ni muzuri." Mwenye funguo akanivuta pembeni.

"Baba, mama yako amenisomea kibao. Amesema kimeandikwa kwamba Mungu alimpa mwanadamu mnazi ili asihangaike."

"Ni kizuri."

"Ni kizuri, ila hakipo. Pale pameandikwa jinsi ya kuloweka makumbi."

Nikachungulia tena mlangoni. Maandishi yalikuwa madogo, chumba kilikuwa na dirisha moja, na mama alikuwa ametunga kibao kizima ili tusijue kwamba macho yameshindwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ya chumvi. Nikajiona mwerevu. Niliingia peke yangu, nikasoma yote, kisha nikasimama nje ya dirisha, mgongo ukielekea ndani na uso baharini, nikaanza kutangaza kwa sauti ya diploma: maji huachwa kwenye mashimo, jua huyakausha, chumvi hukwanguliwa, na kadhalika. Kunguru wote wa mji walihama.

"Madame," mama mkwe akamwambia mwenye funguo, "ambia mukwe yangu anyamaze kidogo. Kusikia, mi nasikiaka ku radio. Huku nilikuya kusoma. Kama siwezi, siwezi. Alors turudi ku hôtel."

Alisema bila hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. Hasira ningejua pa kuiweka.

Ilikuwa imebaki nyumba moja, ya mikeka, na ilikuwa njiani kurudi. Mwenye funguo akatufungulia, akawasha taa, taa ikakataa. Nikampa simu yangu ampelekee mama: ina mwanga, na kamera yake inakuza herufi moja mpaka inakuwa kama mlango wa kanisa. Mama akaishika. Picha ikaruka huku, ikaruka kule, akajikuta anaitazama pua yake mwenyewe. Akataka kufuata mstari kwa kidole kama masista walivyomfundisha, lakini mkono mmoja haukutosha kuituliza. Mwenye funguo akasogea amshikie, na papo hapo akaitwa kwa kelele: wanafunzi wamefika nyumba ya nazi na hakuna wa kuwafungulia.

"Narudi sasa hivi," akasema. "Ngoja niwatundikie mkeka mmoja hapo katikati, mstahiane, kisha baba anyooshe mkono ashike simu."

"Hapana," mama akasema kwa ukali. "Kitu ya musée haiguswake!"

Mwanamke akacheka, akaenda. Tukabaki wawili, yeye ndani, mimi kizingitini nikitazama barabara. Hakuna mtu wa kutupitishia maneno.

"Ukuta," nikasema, "ambia maman kwamba mimi niko tayari kufunga macho."

Nikasikia nguo ikifunguliwa fundo. Mama anayejiheshimu kwetu hujifunga vikwembe viwili, kama kanga, na cha juu kikanifunika kichwa mpaka magotini, chenye joto na harufu ya sabuni. Simu ikawekwa kiganjani mwangu. Vidole viwili vikashika kikwembe, si mimi, vikanivuta ndani ya makumbusho kama gari bovu.

"Toa mukono," akasema. Safari hii hakupitia ukuta wala hewa.

Nikautoa.

"Panda. Hapana, shuka. Kuya huku. Simama."

Chini ya kile kitambaa sikuona kitu, ila rangi yake ya manjano. Nilisikia kidole kikigusa kibao, kikitafuta mwanzo, nami nikaanza kuahidi mambo mengi mbinguni, mengine nimeshayasahau.

"U," akasema. "Uki. Ukili."

Akavuta pumzi.

"Ukili ni... m-su-ko. Ni msuko wa... majani ya... mukindu."

"Mkindu," nikasema.

"Nyamaza! Ni weye unasoma?"

Akaendelea, silabi kwa silabi, akirudi akikosea, akiniamuru kulia na kushoto kama dereva wa lori anayeegeshwa. Kwamba wanawake husuka ukili kwanza, pima kwa pima. Kwamba kisha huushona ukili kwa ukili mpaka uwe mkeka. Kwamba mkeka huu ulisukwa kwa ajili ya harusi. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akaisoma yote tena, haraka, kwa sauti ile anayosomea Biblia, na sasa nilijua tofauti.

Mlangoni nikasikia mwenye funguo amerudi, na nyuma yake wanafunzi, maana kicheko kilikatika ghafla na mtoto mmoja akauliza, "Na hiki ni nini?" Nadhani alininyooshea kidole.

"Mama, ni saa ya kufunga, tukale kwanza," mwenye funguo akasema taratibu.

"Muende mukule," mama akasema. "Sisi tuko na kazi."

Mkono wangu ulikuwa umekufa zamani, ulikuwa unangoja mazishi tu. Mikeka ilikuwa thelathini, kila mmoja na kibao chake. Vidole viwili vikashika tena kikwembe, vikanisogeza hatua moja kushoto.

"Mukwe," akasema, "panda kidogo."

Nikapandisha.