Basoda mu Ngozi ya Mama

Bujinga ya kwanza nilifanya ni kupanda juu ya ile fungu ya matope kama padri mwenye kupanda ku altari, na municheke tu, batu ba kartie yetu ya Kimemi bote balishanicheka, hamutakuwa ba kwanza.

Ilikuwa salongo, ile kazi ya siku ya posho asubuhi yenye kila nyumba inatoa batu ya kuchimbua mitaro ya barabara (na mu ile wakati ya rebellion basoda njo balikuwa banatusimamia, bunduki ku bega, banatafuna miwa yetu), na mama alikuja na jembe yake na pullover ya mikono mirefu. Mujue kwanza kitu moja: mama alikuwa anatengeneza mikati, anakanda na mikono yake, anauzisha ku soko, na ile mikati njo ilikuwa inatulisha na kunisomesha. Donc hakuna mutu alipashwa kuona ngozi yake, yenye ilikuwa imepasuka toka ku viwiko mupaka karibu na viganja.

Jirani wetu Mama Masika (mudomo yake haina mulango) akauliza kwa nguvu:

— Mama Kambale, pullover mu hii jua? Unaficha bukoma?

— Niko na baridi, mama akajibu, na jasho inamutiririka.

Hapo ningenyamaza. Mais prof wa biologie alikuwa ametufundisha eczema ile juma, na miye mwenye kulalaka mu masomo, kwa mara moja nilikuwa ninajua kitu. Nikapanda juu ya fungu ya matope ya mutaro.

— Ba mama, hapana bukoma! Kuko eczema ya bakubwa, na haiambukizake! Mu damu muko globules blancs, chembe nyeupe, ni basoda ba mwili, kazi yabo kuchunga ngozi. Mais siku moja banaona sabuni, ao vumbi kidogo, banapiga kelele: adui! Banaita benzabo, banajaa, adui habamuone, njo banapiga ngozi yenyewe. Inavimba, inawasha, mutu anajikuna, ngozi inapasuka, vumbi inaingia tena, banaita bengine. Na hata ngozi ikipona, bamoja banabakia mule ndani, banangojea!

Batu bakacheka. Kicheko ya batu inalewesha kuliko pombe ya kasiksi, njo nikaongeza (nani alinituma?):

— Sawa hapa kwetu! Unabalisha juu bakuchunge, kesho banakamata mbuzi yako!

Kicheko ikakatika. Nyuma yangu, sauti ya musoda:

— Petit, shuka. Rudilia vile ulisema.

— Chef, ni… ni biologie.

— Mbuzi njo biologie?

— Hapana, chef! Ni bugonjwa, ni ya kweli!

— Mugonjwa iko wapi?

Na hii kidole yangu, hii hapa, ikamuonyesha mama mbele kichwa haijafikiri.

— Vula, musoda akamuambia.

Mama akavula pole pole, juu pullover ilikuwa imegandama ku bidonda. Musoda akaangalia, akarudi nyuma, akatema mate. «Vaa, vaa», akasema, akaenda. Mama Masika, mwenye alikuwa ameazima jembe ya mama, akaitupa chini na akapanguza mikono ku kitenge yake.

Wapi haiambukizake! Ile siku mama alitoka ku soko na beseni ya mikati yenye kujaa vile ilienda, na juma yote tulikula mikati, asubuhi mikati, mangaribi mikati, mupaka ikakuwa migumu sawa mawe, na miye nikaapa sitafundisha tena mutu kitu, hata moto ikiwa mu nyumba yake.

Mangaribi moja nikamupakaza mafuta ku mikono, nikatafuta neno ya kumutuliza:

— Mama, prof alisema zile globules blancs hazina roho mubaya. Zinafikiri zinakuchunga.

— Ninajua, Kambale. Moja niliizala miye mwenyewe. Leta maji ya baridi, ninawashwa.